Nani Mwenye Amri ya Kusimamisha Mashine? Mtetemo, Vihisi na Utunzaji wa Viwanda Vyetu

1. Utangulizi

Tunapozungumza habari za viwanda, mara nyingi tunazungumza habari za kuvijenga. Tunahesabu majengo, tunahesabu mashine zilizofungwa, tunahesabu ajira zinazotazamiwa. Ni mara chache tunajiuliza mashine hizo zitakuwa katika hali gani baada ya miaka kumi. Lakini kiwanda hakizalishi mali siku ya kuzinduliwa peke yake. Kinatakiwa kuzalisha siku zote zinazofuata, na siku hizo hutegemea kazi isiyo na sherehe wala utepe wa kukata, yaani kazi ya utunzaji.

Makala hii inaeleza njia moja ya utunzaji ambayo sasa inazungumzwa sana, yaani kupima mtetemo wa mashine kwa vihisi ili kutambua ugonjwa wake kabla haijavunjika. Tutaeleza mtetemo ni nini, kihisi kinafanya kazi gani, na fundi anawezaje kusoma habari zake. Lakini hatutaishia hapo. Tutaonyesha kwamba kihisi chenyewe hakiokoi kiwanda. Kinachookoa kiwanda ni uamuzi wa kuisimamisha mashine kwa wakati unaofaa, na uamuzi huo ni swali la mamlaka na maarifa: nani anajua hali ya mashine, na nani ana amri ya kuizima?

2. Somo la miaka ya 1970 na 1980

Mtu anayetoka katikati ya jiji la Dar es Salaam kwenda pembezoni hupita katika historia ya viwanda vya Tanzania. Upande wa Kinondoni ya zamani, kabla Ubungo haijawa wilaya yake yenyewe, kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa mkopo wa Jamhuri ya Watu wa China, na kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo. Kaskazini zaidi, Wazo, kuna kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Upande wa Temeke kuna eneo la viwanda la Chang'ombe, na ukiendelea kusini unafika Mbagala.

Viwanda vingi vya kizazi hicho vilipata pigo kubwa katika miaka ya 1970 na 1980. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ukame ukafuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vikala akiba ya taifa. Fedha za kigeni zikawa haba, na bila fedha za kigeni hakukuwa na vipuri. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake.

Sababu hizo ni za kweli na ni nzito. Lakini kada au mwanafunzi anayetaka kujifunza lazima aende hatua moja mbele. Uhaba wa vipuri huumiza viwanda vyote, lakini hauviumizi sawasawa. Kiwanda ambacho hakijui ni beringi ipi itakayokufa mwezi ujao kinalazimika ama kuweka akiba ya kila kitu, jambo ambalo hakina fedha ya kulifanya, ama kungoja ajali itokee ndipo kiandike maombi ya kuagiza. Kiwanda kinachojua mapema huagiza kile kinachohitajika tu. Kwa hiyo maarifa ya hali ya mashine ni akiba ya fedha za kigeni kama ilivyo akiba iliyoko benki.

3. Njia tatu za utunzaji

Njia ya kwanza ni kungoja mashine ivunjike ndipo itengenezwe. Njia hii si ya kulaumiwa kila mahali. Feni ndogo ya ofisini ikiungua, inabadilishwa na kazi inaendelea. Lakini katika mashine zinazofuatana ni hatari. Tuseme mstari wa uzalishaji una mashine 10, na kila mashine inafanya kazi siku 98 katika kila siku 100. Mtu atadhani hali hiyo ni njema. Lakini kama mashine moja ikisimama zote zinasimama, na kama hakuna akiba ya kazi iliyowekwa katikati, basi mstari mzima utafanya kazi siku 82 tu katika siku 100. Hasara ndogo za mashine mojamoja hujumlishana na kuwa hasara kubwa ya kiwanda.

Njia ya pili ni kutengeneza kwa ratiba: kila baada ya saa fulani mashine inafunguliwa, vifaa vinabadilishwa, inafungwa. Njia hii ni bora kuliko kungoja, lakini nayo ina kasoro. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi wa viumbe C. H. Waddington alifanya utafiti juu ya ndege za Uingereza zilizokuwa zikiwinda nyambizi. Yeye na wenzake waligundua kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50, kisha zikapungua. Maana yake ni kwamba kuifungua fungua mashine nzima kulikuwa kunaleta ugonjwa. Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines walionyesha kwamba ni asilimia 11 tu ya vifaa vya ndege walivyochunguza ambavyo vingenufaika na kuwekewa ukomo wa umri. Vilivyobaki havikufa kwa uzee unaoweza kupangiwa tarehe.

Beringi ni mfano mzuri wa jambo hili. Chukua beringi za aina moja, kutoka sanduku moja, zizungushe kwa mzigo mmoja: baadhi zitakufa mapema, nyingine zitaishi mara nyingi zaidi. Ndiyo sababu watengenezaji hutaja umri ambao beringi 90 katika kila 100 zinatazamiwa kuufikia, na hawaahidi umri wa beringi moja.

Njia ya tatu ni kuitengeneza mashine kwa kufuata hali yake. Haifunguliwi kwa sababu tarehe imefika, wala haingojwi ivunjike. Inasikilizwa, na dalili zikionekana inapangiwa siku ya kutengenezwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya mashine inayougua, katika mashine nyingi zinazozunguka, ni mtetemo.

4. Mtetemo unasema nini?

Mtetemo ni mwendo wa kwenda na kurudi. Hakuna mashine inayozunguka isiyotetema. Kwa hiyo swali la fundi si kama mashine inatetema, bali inatetema kwa nguvu gani, na mara ngapi kwa sekunde.

Hebu tuchukue mfano wa mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata mizunguko 25 kwa sekunde. Namba hii 25 ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata.

Kwanza, kama kitu kinachozunguka kina uzito zaidi upande mmoja, kitaivuta mashine mara moja kwa kila mzunguko, yaani mara 25 kwa sekunde. Wenye mashine za kusaga nafaka wa Manzese na Tandale wanalijua jambo hili hata kama hawajaliandika. Nyundo za ndani ya kinu huisha taratibu. Moja ikikatika au ikibadilishwa peke yake, kinu kinapoteza mizani na sakafu inaanza kutikisika. Fundi hodari hubadilisha nyundo kwa jozi zinazotazamana, zenye uzito uliolingana.

Pili, kama shafti ya mota na shafti ya pampu hazikulinganishwa sawasawa pale zinapounganishwa, mara nyingi mtetemo huonekana kwa nguvu mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 50 kwa sekunde, na mashine hutetema pia kwa kufuata urefu wa shafti.

Tatu, kama bolti za msingi zimelegea, mashine hugonga, na mtetemo huonekana katika namba nyingi kwa pamoja: 25, 50, 75, 100 na kuendelea.

Nne, gia yenye meno 20 iliyofungwa kwenye shafti hiyo itagusana na mwenzake mara 500 kwa sekunde. Meno yakiharibika, habari zake zitaonekana kwenye 500 na pembeni yake.

Tano, beringi. Tuseme beringi ina gololi 9. Kukiwa na kidonda kwenye ringi ya nje, gololi zitakigonga takriban mara 3.6 kwa kila mzunguko, yaani kama mara 90 kwa sekunde. Kidonda kikiwa kwenye ringi ya ndani, itakuwa takriban mara 5.4 kwa kila mzunguko, kama mara 135 kwa sekunde. Hapa ndipo tunaona uzuri wa elimu hii: bila kuifungua mashine, fundi anaweza kusema ugonjwa uko wapi.

Lakini mitetemo hiyo yote hufika kwa pamoja, imechanganyika. Itatenganishwaje? Msikilizaji wa taarabu husikia fidla, ganuni na ngoma kwa wakati mmoja, na bado sikio lake linaweza kufuata fidla peke yake. Hesabu inayofanya kazi hiyo ilitokana na Mfaransa Joseph Fourier, aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1822 kwamba mwendo wenye utata unaweza kugawanywa kuwa mawimbi mepesi. Mwaka 1965 J. W. Cooley na John Tukey walichapisha njia ya haraka ya kuifanya hesabu hiyo kwa kompyuta, na tangu hapo chombo kidogo kimeweza kufanya kwa muda mfupi kazi ambayo mtu angeifanya kwa siku nyingi.

5. Kihisi kinavyofanya kazi

Vihisi vingi vya mtetemo vinavyotumika viwandani vina kipande cha fuwele au cha kauri maalumu kilichobanwa na uzito mdogo. Mashine ikitetema, uzito hukibana na kukiachia kipande hicho, nacho hutoa umeme kidogo unaolingana na nguvu ya kubanwa. Tabia hiyo ya fuwele iligunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Siku hizi kuna pia vihisi vidogo vya silikoni, vya aina ile ile inayokaa ndani ya simu za mkononi. Hivi ni vya bei nafuu zaidi, ingawa mara nyingi si hodari kama vile vya fuwele katika mitetemo ya kasi kubwa.

Kanuni tatu lazima zishikwe. Ya kwanza ni kwamba kihisi kishikamane na mashine kwa nguvu, karibu na beringi. Kikiwekwa kwenye bati la kinga, kitapima bati. Ya pili ni kwamba kichukue vipimo zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa kasi kuliko yote tunaotaka kuuona. Tukitaka kuona gia inayogusana mara 500 kwa sekunde, lazima tupime zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, vinginevyo tutapata picha ya uongo. Ya tatu ni kwamba mashine ipimwe mahali pale pale, kwa kasi ile ile na mzigo ule ule. Pampu iliyopimwa leo ikiwa na mzigo na kesho ikiwa tupu haiwezi kulinganishwa na nafsi yake.

Je, mtetemo gani ni mkubwa? Mwaka 1939 mhandisi T. C. Rathbone wa Marekani, aliyefanya kazi katika bima ya mitambo, alichapisha jedwali la kwanza lililojulikana sana la kupima ukali wa mtetemo. Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango ISO 2372, ambacho baadaye kilifuatwa na ISO 10816 na kisha ISO 20816. Katika kiwango kile cha mwaka 1974, mashine ya ukubwa wa kati, yenye mota ya kilowati 15 hadi 75, ilihesabiwa kuwa njema ikiwa chini ya milimita 1.12 kwa sekunde, ikizidi 2.8 ilivumiliwa kwa muda tu, ikizidi 7.1 ilihesabiwa kuwa hatari.

Jedwali ni mwongozo wa kuanzia. Kipimo kilicho bora zaidi ni historia ya mashine yenyewe. Mashine iliyokaa kwenye milimita 1.5 kwa miaka miwili, kisha ikapanda hadi 2.5 katika mwezi mmoja, inasema jambo zito, ijapokuwa jedwali bado linairuhusu.

6. Muda wa onyo na muda wa kipuri

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wauzaji wa vihisi hawalitaji mara kwa mara. Tangu dalili ya kwanza ionekane hadi mashine ivunjike kuna muda. Beringi inayokufa kwa kawaida huanza kutoa mitetemo midogo ya kasi kubwa ambayo sikio halisikii, halafu mtetemo wa kawaida hupanda, halafu kelele inasikika, halafu joto, mwisho moshi. Anayeanza kusikiliza mapema ana muda mrefu. Anayengoja joto ana muda mfupi mno.

Tuseme muda huo wa onyo ni wiki 8. Kama tunapima kila baada ya wiki 4, katika hali mbaya kabisa dalili itajitokeza mara tu baada ya kupima, nasi tutaigundua wiki 4 baadaye. Zimebaki wiki 4. Je, kipuri kinaweza kufika kwa wiki 4? Kama ununuzi unapita katika maombi, vikao, zabuni, benki na bandari kwa wiki 12, basi onyo letu halina faida ila kutujulisha siku ya msiba.

Kwa hiyo kanuni ni hii: onyo lina thamani tu pale linapozidi muda wa kupata kipuri. Kiwanda kinachofunga vihisi bila kurekebisha stoo yake na utaratibu wake wa manunuzi kimenunua saa ya ukutani tu. Ama kitafute njia ya kupata onyo mapema zaidi, ama kifupishe njia ya ununuzi, ama kiweke stoo zile beringi chache ambazo muda wake wa kuagiza ni mrefu kuliko onyo lake. Hesabu hiyo inawezekana kufanywa kwa kalamu na karatasi, na ifanywe kabla ya kununua kihisi cha kwanza.

7. Mipaka ya chombo

Si haki kumwambia msomaji faida bila kumwambia mipaka. Tanuru la saruji huzunguka mara chache tu kwa dakika; mtetemo wa mwendo wa polepole hivyo ni vigumu kupimwa kwa vihisi vya kawaida, na dalili za joto na uchunguzi wa oili husaidia zaidi. Nyufa za chuma, kutu ya mabomba na hitilafu nyingi za umeme pia hazionekani vizuri kwa mtetemo.

Umeme usio tulivu nao huchanganya habari. Katika nchi inayotumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde kama Tanzania, hitilafu za umeme ndani ya mota huonekana kwenye 100. Fundi asiyejua jambo hilo anaweza kubadilisha beringi nzima akiacha tatizo la waya.

Kuna pia ugonjwa wa mashine iliyosimama. Pampu ya akiba inayokaa miezi bila kuzunguka karibu na pampu inayofanya kazi hupokea mtetemo wa jirani yake. Gololi zake, zikiwa zimetulia mahali pamoja, huchimba vishimo vidogo kwenye ringi. Siku pampu kuu ikifa na ya akiba ikawashwa, nayo inapiga kelele siku ile ile. Dawa yake haihitaji chombo chochote: zizungushwe kwa zamu.

8. Nani mwenye amri?

Tuliahidi kurudi kwenye swali la mamlaka. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya nchini Urusi, bolti zilizoshikilia kifuniko cha mtambo namba 2 zilikatika. Maji yaliurusha mtambo kutoka mahali pake na kujaza jumba la mitambo. Watu 75 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba bolti zilikuwa zimechoka kwa mtetemo wa muda mrefu, na kwamba mtetemo wa mtambo huo ulikuwa umepanda kwa miezi kadhaa kabla ya ajali. Habari zilikuwepo. Mtambo uliendelea kuzunguka.

Tanzania inayo sababu ya kulitafakari somo hilo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, limejengwa kwa mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115. Lakini somo halihusu mabwawa makubwa tu. Linahusu kila kiwanda cha Chang'ombe ambako msimamizi wa zamu ana lengo la uzalishaji la kutimiza na fundi ana habari mbaya ya kumpa.

Tutazame hali ilivyo. Fundi anasema beringi ya feni kuu inaugua, mashine isimamishwe saa 6 wiki hii. Msimamizi anajibu kwamba oda lazima ikamilike. Mashine ikisimamishwa, hasara ya saa 6 inaonekana leo, na jina la aliyesimamisha linaandikwa. Isiposimamishwa ikavunjika baada ya wiki tatu, hasara ya siku 6 itaitwa ajali, na ajali haina mwenyewe. Katika utaratibu kama huo, mtu mwenye busara hunyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ni nani atakayeziba ufa ikiwa mzibaji ndiye anayekatwa mshahara?

Huo ndio mgongano halisi, na hauwezi kuondolewa kwa kununua chombo. Unaondolewa kwa utaratibu. Kila kiwanda kiandike mapema, wakati mashine ni nzima na watu wametulia, kipimo ambacho kikifikiwa mashine inapangiwa matengenezo, na kipimo ambacho kikifikiwa inazimwa mara moja. Kiandike pia jina la cheo chenye amri ya kuizima, na amri hiyo imfikie fundi wa zamu ya usiku. Anayetaka mashine iendelee baada ya kipimo hicho atie saini yake kwenye daftari. Tutashangaa jinsi saini inavyoongeza busara.

Wazo la mfanyakazi kuwa na sauti kiwandani si geni Tanzania. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha Mabaraza ya Wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ubabe na dharau za viongozi. Utekelezaji wake ulikuwa na matatizo mengi, na mabaraza mengi yaligeuka mahali pa kupokea taarifa tu. Lakini tatizo lililokusudiwa kutatuliwa bado liko palepale: anayeisikia mashine siye anayeamua juu yake.

9. Nani mwenye maarifa?

Kabla ya vihisi kulikuwa na bisibisi. Fundi mzoefu huweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa wa sikio, akasikiliza. Njia hiyo haina makosa ya kinadharia. Ni kihisi cha mtetemo kinachotumia mfupa badala ya fuwele. Udhaifu wake ni kwamba haiachi kumbukumbu, haisikii mitetemo ya kasi kubwa sana, na fundi akistaafu anaondoka nayo.

Chombo kipya kinaweza kumwinua fundi huyo au kumfukuza. Kinamwinua iwapo yeye ndiye anayefundishwa kukisoma, na iwapo alichosikia kwa miaka 20 kinaandikwa pembeni ya kile kinachopimwa. Kinamfukuza iwapo habari zinatoka kwenye mashine moja kwa moja kwenda kwenye kompyuta za muuzaji ng'ambo, na kiwanda kinapokea taa tatu tu: kijani, njano na nyekundu. Hapo kiwanda kitakuwa kinalipa ada kila mwezi ili kuambiwa habari za mashine zake chenyewe, na siku ada ikikosekana kinarudi kuwa kiziwi. Zaidi ya hayo, anayetuambia kwamba beringi imekufa anaweza kuwa ndiye anayetuuzia beringi.

Kwa hiyo kabla ya mkataba kutiwa saini yaulizwe maswali manne. Je, vipimo vyote, siyo taa tu, vinabaki mikononi mwa kiwanda? Je, vinaweza kusomwa kwa programu nyingine ikiwa muuzaji ataondoka? Je, mafundi wetu watafundishwa hadi waweze kubadilisha mipaka ya onyo wenyewe? Je, chombo kitafanya kazi intaneti ikikatika? Jibu la hapana kwa swali lolote kati ya hayo lihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Swali la tano ni la wafanyakazi. Kihisi kinachojua mashine inapougua kinajua pia mashine iliposimama, na kwa hiyo kinaweza kugeuzwa kuwa nyapara. Kikitumiwa kumwadhibu mtu aliyekwenda kunywa maji, wafanyakazi watajifunza kukidanganya, na habari za mashine zitaharibika pamoja. Makusudi yake yaelezwe wazi na yashikwe.

Elimu inayohitajika haiko mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha uhandisi tangu mwaka 1973. Shirika la TIRDO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, liko Msasani. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, na chuo cha ufundi stadi cha VETA kiko Chang'ombe, mlangoni mwa viwanda vyenyewe. Mwanafunzi anayetafuta kazi ya mradi wa mwisho hana haja ya kwenda mbali: achukue kihisi kimoja cha bei nafuu, aende kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, apime kabla na baada ya kubadilisha nyundo, amwonyeshe mwenye mashine.

10. Hitimisho: kazi za kuanza nazo

Kwanza, kiwanda kiorodheshe mashine zake zote, kisha kiteue zile chache ambazo zikisimama zinasimamisha kila kitu. Vihisi vianzie hapo.

Pili, mashine hizo zipimwe zikiwa nzima, pande tatu: kwa wima, kwa ulalo, na kwa kufuata shafti. Bila kipimo cha uzima hakuna kipimo cha ugonjwa.

Tatu, lifunguliwe daftari la kila mashine. Tarehe, kasi, mzigo, kipimo, alichosikia fundi, kilichofanywa. Beringi ikitolewa, ikatwe na itazamwe, ili ijulikane kama utabiri ulikuwa wa kweli.

Nne, chanzo kitafutwe. Beringi inayokufa kila baada ya miezi minne kwa sababu shafti haikulinganishwa haiponi kwa kubadilishwa. Mzigo ukiongezeka mara mbili, umri wa beringi ya gololi hushuka hadi sehemu moja ya nane. Anayelinganisha shafti amenunua beringi saba bila fedha.

Tano, muda wa onyo ulinganishwe na muda wa kupata kipuri, na stoo ipangwe kwa kufuata hesabu hiyo.

Sita, amri ya kusimamisha mashine iandikwe, ibandikwe ukutani karibu na swichi, na iheshimiwe na meneja kabla ya kuheshimiwa na kibarua.

Kazi tano za mwanzo zinaweza kuanza kesho kwa kiasi kidogo cha fedha. Ya sita haihitaji fedha hata kidogo, nayo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote.